Mti Unaopokea

Mwalimu mmoja kijana alikuja kwenye karakana yangu ya mbao hapa kijijini Daudi, akitafuta ubao wa kuchonga vibao vya mpira wa meza kwa ajili ya wanafunzi wake. Alikuwa ameandika kwenye simu kwamba anataka mninga, na kama mninga hakuna basi mti wowote mgumu. Nikamwuliza hao watoto wanachezaje. Akasema wanacheza kawaida tu, mama. Nikamwambia hakuna kucheza kawaida. Yuko mtoto anayepiga na yuko mtoto anayezuia, na hao hawapewi mti mmoja. Akacheka kwa adabu, kama wasomi wanavyomcheka mtu aliyeishia darasa la nne. Sikujali. Hilo darasa la nne limesomesha watoto watano na limenunua lori.

Nikaingia stoo mwenyewe. Nikachagua kipande cha mringaringa kilichokaa kivulini miaka, nikakigonga kwa kifundo cha kidole karibu na sikio, kisha nikakilaza mezani na kukipiga randa. Maranda ya kwanza yalipojikunja, harufu ikanijia, nikaiweka randa chini. Nikakaa juu ya gogo. Kijana akaniuliza kama ni presha. Nikamwambia ni vumbi. Haikuwa vumbi. Dada yangu Martina alikuwa amezikwa Hirbadaw yapata miezi miwili, nami sikuwa nimefika kwenye kaburi lake, na sababu ya kutofika ilikuwa pale mkononi mwangu, inanukia.

Martina alikuwa mtu wa kuzuia. Parokiani kulikuwa na Bruda mmoja fundi aliyetengeneza meza ya mpira kwa mbao za paini, akaiweka ukumbini, na kila Jumapili baada ya misa vijana walikuwa wanapanga foleni. Wavulana walipiga mpira kama watu wanaoua nyoka. Martina alisimama hatua tatu nyuma ya meza, miguu mitupu, sketi ameifunga pembeni, akingoja mpira ushuke mpaka usawa wa magoti. Hapo ndipo anaukata kwa chini, na mpira unarudi polepole, unavuka wavu kama mtu anayevuka mto kwa kuchagua mawe. Walimtania kwamba yeye hachezi, anachota maji. Akawajibu mara moja tu, akawaambia basi waje na ndoo. Walimpigia na kumpigia mpaka mabega yao yakaanguka, mwisho wenyewe wakautoa mpira nje, naye anashinda bila kupiga hata mmoja kwa nguvu. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi. Hakukuwa na kitu duniani nilichokitamani kuliko kusimama kama yeye.

Kisha siku moja hakuja kulala. Nilimwuliza aayo, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, akaniambia Martina sasa anakaa kwenye kibanda kile cha mwisho wa shamba, ng'ambo ya uzio wa minyaa. Hakuna wa kwenda huko. Hakuna wa kumpa moto wala kuupokea kwake, na kitu chochote kitakachotoka mkononi mwake kisiingie mkononi mwa mtu wa nyumba hii. Nikauliza kwa nini. Akasema ni mambo ya wakubwa, nikalishe ndama.

Mtoto usipomwambia sababu, anajitafutia ya kwake. Mimi niliipata haraka. Jumapili ya mwisho Martina alikuwa amemshinda mtoto wa katekista mbele ya watu wote, na yule kijana mkubwa, mwenye ndevu, alitoka ukumbini analia. Basi nikajua ndiyo hiyo. Wamemtenga kwa sababu ameshinda mwanamume. Baadaye nilipoona tumbo lake linakua, nikadhani ni shibe, kwa kuwa halimi wala hachoti maji, anakaa tu na kula. Niliamini hivyo kwa moyo wote, na nilimwonea wivu kidogo.

Ninyi wa umri wangu mnajua binti aliyepata mimba nyumbani kwao alikuwa anafanywa nini zamani zile. Ilionekana ameleta balaa kwa mvua, kwa ng'ombe, kwa watoto wa jirani. Tulikuwa Wakristo, Jumapili hatukukosa misa, lakini mvua ikichelewa hakuna aliyekwenda kumwuliza Bruda. Mwanamume mwenyewe aliyehusika alikuwa anakunywa kilabuni kama kawaida, moto wa kila nyumba unamwashia kiko. Hilo nalisema sasa. Wakati ule sikujua hata kama kulikuwa na mwanamume.

Kulikuwa na njia ya kumrudisha. Wazee wangekaa, baba angetoa kondoo, na pombe ya asali ingenywewa na kutemwa kwa maombi mpakani mwa shamba, kisha Martina angeingia ndani kabla ya kujifungua. Asali ilitakiwa itoke kwenye mzinga wa nyumba yenyewe. Wazee walisema asali ya kununua haimjui mtu. Baba alikuwa na mizinga mingine msituni, lakini mzinga wa nyumba ulikuwa mmoja, umelazwa chini ya paa upande wa nyuma, gogo kubwa la mringaringa alilolirithi kwa babu, limekuwa jeusi kwa moshi wa miaka. Alikuwa anasubiri baridi ipite nyuki wajaze. Hayo yote yalizungumzwa na wakubwa, nasi watoto tulisikia tu kwamba iko sherehe inakuja na kondoo atachinjwa. Kwamba sherehe ile ni ya Martina, na kwamba inaning'inia kwenye gogo lile, hakuna aliyeona haja ya kumwambia mtoto.

Aayo alikuwa anampelekea chakula mchana. Anakiweka juu ya jiwe kwenye kibuyu kilichopasuka, anaondoka bila kugeuka, na kibuyu hakirudi. Mimi nilikuja baada yake na ndama. Nilikaa upande wangu wa minyaa, yeye upande wake, tunaongea kupitia pengo ambapo mmea mmoja ulikuwa umekufa. Siku za mwanzo alilia. Sikujua la kufanya. Nilikuwa na mpira mmoja wa meza niliouokota parokiani, una ufa, nikamrushia kupitia pengo ili ajichezee. Akauangalia. Akachukua kipande cha kuni, akaupiga, ukarudi kwangu.

Niliuogopa ule mpira pale chini. Nikafikiri sana. Nikakumbuka maneno ya aayo: mkono wake, mkono wetu. Lakini mpira huu umetoka kwenye kuni, na nikiupiga kwa kuni sitakuwa nimepokea kitu mkononi mwake. Nikajiona nimewazidi akili wazee wote wa Daudi. Nikachukua fimbo yangu bapa ya kuchungia, nikaupiga. Martina akacheka, mara ya kwanza tangu atoke nyumbani.

Hapo ndipo kazi ya vibao ilipoanza, maana vya Bruda vilikuwa vinafungiwa ukumbini. Kwangu mwenyewe nilichonga kimoja cha hovyo kwenye ubao wa boksi. Cha Martina nilikichonga kwenye kipande cha loliondo kilichobaki kwenye lango la zizi, nikamrushia nikiwa najivuna, kwa sababu nilijua ni mti mgumu kuliko yote na nilitaka apate kilicho bora. Akapiga mara tatu. Mara zote tatu mpira ulinipita kichwani ukaangukia kwenye maharage.

"Gau," akaniambia kwa jina langu la nyumbani, "huu mti unafukuza. Mimi nitafutie unaopokea."

Akanifundisha kutoka ng'ambo kule. Mti mgumu, alisema, unamrudishia mtu hasira yake yote na nyongeza juu. Anayepiga anautaka huo. Anayezuia anataka mti unaomeza, unaokaa na mpira kidogo kabla ya kuuachia, ili yeye aamue uende wapi. Nigonge kwa kifundo cha kidole na kusikiliza: ukilia kama jino, niache, ukijibu kwa chini, kama kibuyu chenye maziwa, nichukue. Usiwe na kifundo wala mshipa uliopinda. Usiwe mbichi, maana mbichi ni mzito leo na kesho umejikunja. Uwe mwepesi lakini mpana, kichwa cha kibao kizidi vya wenzake kwa upana wa kidole, kwa kuwa anayezuia anafikiwa na mipira ambayo hakuiita. Unene usizidi kidole changu kidogo. Nimekaa na mbao maisha yangu yote, nimesikiliza mafundi wenye vyeti, na sijawahi kupata somo zaidi ya lile.

Nikawa natafuta. Nilimrushia kipande cha paini, akakigonga, akasema kina kifundo, kitapasuka. Nilimrushia cha mkuyu, akasema kibichi. Nilimrushia ubao wa kreti la soda. Kila kilichovuka uzio hakikurudi, kwa hiyo alivichoma kwenye moto wake, na kwa kweli katika baridi ile nafikiri vilimsaidia kuliko angekuwa anavichezea. Vile tulivyojaribu navyo vilitufikisha mara ishirini, mara thelathini, kisha mpira unaanguka. Tulikuwa tunahesabu kwa sauti, yeye moja, mimi mbili. Siku moja niliangusha kwenye arobaini na kitu nikaanza kulia kwa hasira. Akaniambia nisilie. Tukifika mia bila kuanguka, alisema, atakuja kulala nyumbani.

Alikuwa ananibembeleza. Sasa najua. Wakati ule nililichukua kama amri ya Mungu.

Tangu siku hiyo sikucheza tena, nilikuwa kazini. Niligonga kila mti uliokuwa kwetu. Niligonga milango, viti vya kigoda, kinu cha aayo, mlingoti wa zizi. Na asubuhi moja ya baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, nilipita nyuma ya nyumba nikagonga mfuniko wa mzinga. Ukajibu kwa chini. Nikaugonga tena. Kibuyu chenye maziwa kabisa.

Ulikuwa mfuniko wa mviringo, mpana kama sinia, umekauka tangu enzi za babu, mshipa wake umenyooka kama maji. Nilijua nyuki hawatumii upande ule. Wao walikuwa na tundu lao mbele. Huu wa nyuma ulikuwa mlango wa baba wa kutolea asali, na baba hakuwa na haja nao mpaka baridi iishe. Kwa hiyo sikuona naiba. Niliazima mlango ambao hautumiki. Nyuki kwenye baridi ni wazito, waliniuma mara tatu tu, nikamwambia aayo ni upupu. Mahali pa mfuniko niliziba kwa kipande cha gunia na kinyesi cha ng'ombe, nikalainisha vizuri, nikaona nimefanya kazi safi kuliko ya baba.

Kibao nilikichonga kwa panga siku mbili, nikakilainisha kwa kipande cha chupa. Mpini ulitoka mfupi, wa vidole vitatu. Usoni nilibandika raba ya mpira wa ndani wa baiskeli. Nilipokirusha ng'ambo Martina alikigonga, akakisikiliza, akakipeleka puani. Alikaa nacho pale puani muda mrefu. Nikamwuliza kama hakikupendeza. Akasema kimepata moshi mwingi, ndiyo maana ni kikavu vile. Halafu akasema, "Anza wewe."

Sijui niseme nini kuhusu wiki zile. Nimezaa, nimeozesha, nimejenga nyumba ya ghorofa moja mahali ambapo watu walisema mwanamke hawezi kujenga choo. Furaha ile sijaipata tena. Mpira ulikuwa unakwenda kwake ukiwa na haraka na unarudi umetulia. Nilipiga vibaya, akaurudisha vizuri. Nilipiga chini, akainama, tumbo lote lile, akauinua. Hakuuacha mpira wangu hata mmoja uonekane mbovu. Tulifika sitini. Tulifika themanini na moja, ng'ombe wa jirani akapita. Na alasiri moja tulifika mia. Yeye aliita tisini na tisa, mimi nikaita mia, na mpira bado uko hewani, nikaudaka kwa mkono wangu bila kukumbuka mwiko wowote.

Sikumsubiri aseme kitu. Niliwaacha ndama, nikakimbia nyumbani kuwaambia kwamba Martina anarudi leo, watandike.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshusha mzinga, ameuweka chini, gunia langu liko pembeni limetoboka. Siafu walikuwa wanaingia na kutoka kwa mstari. Ndani hakukuwa na nyuki. Masega yalikuwa meusi, yamelowa, yananuka. Aayo alikuwa amesimama nyuma yake, kanga mdomoni. Baba alisema ni nyegere, nyegere ameung'oa mfuniko akaondoka nao, na mtoto fulani mwenye huruma akaziba kwa gunia. Hakuniangalia. Nafikiri kama angeniangalia ningesema.

Aayo akauliza, "Na Martina?"

"Asali hakuna," baba akajibu. "Martina atakaa huko huko."

Ndivyo nilivyoelewa. Kwa maneno hayo machache kila kitu kilichozungumzwa juu ya kichwa changu tangu mwanzo kikaja kukaa mahali pake, kondoo, sherehe, mzinga, tumbo. Nilitoka na habari ya mia mdomoni, nikaimeza.

Wazee walikuja wakaangalia, wakasema wasubiri kundi jingine liingie. Lakini nyuki hawaitwi kama mbuzi, na mtoto wa Martina hakuwa anasubiri. Majirani nao walianza kusema mvua ya vuli haitakuja. Mwisho baba alituma neno bondeni, kwa familia moja ya wafugaji upande wa Hanang, huko Hirbadaw. Kwao jambo lile halina mwiko, mwanamke mwenye mimba ni mwanamke mwenye mimba. Mabinti wengi wa kwetu walishuka kwa njia hiyo, na wengi hawakupanda tena. Ikasemwa mzee wa familia ile angekuja kumchukua.

Siku moja kabla hajaondoka nilikwenda kwenye pengo. Nilikuwa sijaenda tangu siku ile ya mia. Martina alikuwa amekaa chini, ameegemea kibanda, kibao kiko mapajani. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliniambia kesho anakwenda mbali kidogo, kuna maziwa mengi huko, nisiwe na wasiwasi. Nilitaka kusema. Maneno yalikuwa yamepangwa, nilikuwa nimeyarudia usiku kucha kama sala. Badala yake nikawageukia ndama.

"Baba anasema nani aliufungua mzinga?" akaniuliza.

"Nyegere."

Akakiangalia kibao. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, pale ambapo sikulainisha vizuri na weusi wa moshi ulikuwa umebaki. Akasema, "Ukimwona huyo nyegere, mwambie sina neno naye. Asikose usingizi kwa ajili yangu."

Na mimi nikafurahi. Hilo ndilo ninalotaka mlijue. Nilifurahi kwa sababu nilidhani uongo wangu umekubalika, kwamba hata Martina, mwenye macho ya kuuona mpira kabla haujapigwa, amemwamini nyegere. Nilirudi na ndama wangu nikiimba. Asubuhi yake yule mzee alikuja na fimbo yake na blanketi, Martina akatembea nyuma yake bila mzigo, akashuka. Aayo alisimama mbali, uso kaufunika. Mimi nilipunga mkono.

Alijifungua salama huko, akaolewa huko. Baba alipoambiwa akasema aliyepewa moto na nyumba nyingine ana nyumba, na hakulizungumza tena mpaka anakufa. Aayo alishuka mara moja kwa miguu, akakaa siku nne, akarudi na hakusimulia kitu. Mimi niliacha shule mwaka uliofuata, nikaanza kubeba mbao za watu kichwani, halafu zangu, halafu kwa punda, halafu kwa lori. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipoelewa maneno yale ya nyegere. Ilinijia nikiwa kwenye benchi la kazi na mfuniko wa mzinga wa mteja mkononi, harufu imenipanda. Alijua tangu aliponusa. Alijua kibao kile kimetoka kwenye nini, na alijua kinamgharimu nini, maana yeye hakuwa mtoto, habari ya asali aliambiwa. Angeweza kunirushia siku ileile aseme kimbia ukarudishe. Lakini kikirudi kimetoka mkononi mwake, na mtoto atakayekishika ni mimi. Au labda alitaka tu nisiache kuja. Nimeligeuza hili miaka mingi, silijui.

Nilikuwa na lori. Kutoka hapa mpaka Hirbadaw ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi na kunywa chai. Nimepeleka mbao Katesh, upande huohuo wa Hanang, nimepita Gitting mara nyingi kiasi kwamba wauza viazi wananijua kwa jina. Martina alikuwa ananitumia salamu kwa watu wa mnadani, nami nazirudisha salamu kwa watu haohao, na kilo mbili za sukari. Niliposikia anaumwa nikatuma hela ya hospitali. Kutuma ni rahisi. Nilikuwa nawaambia watu kazi imenibana. Mimi niliyewasimamia wanaume kumi na wawili wenye misumeno, nilikuwa namwogopa mwanamke mmoja aliyekwisha kuniambia hana neno na mimi. Binti yake, Yulita, alinipigia kwa namba ngeni kunieleza kwamba wamemaliza kuzika.

Jumamosi iliyofuata baada ya yule mwalimu kuondoka na ubao wake, nilimwambia dereva ashuke, nikaendesha na mwanangu mpaka Hirbadaw. Yulita ni mtu mzima sasa, ana wajukuu, na anasimama kama mama yake, uzito wote nyuma. Alikuwa anachambua maharage uani. Aliinuka, akafuta mikono, akaniamkia, "Shikamoo, mama mdogo," nami nikaitikia. Akanipeleka kwenye kaburi. Walikuwa wamelizungushia mawe na matawi ya miiba kuzuia ng'ombe. Nilisimama pale mpaka mwanangu akanishika kiwiko.

Tuliporudi uani Yulita hakukaa. Alisema kuna jambo alitaka kuniuliza siku nyingi, lakini kwenye simu halikufaa. Mama yake alikuwa hamsemi vibaya mtu wa kwao. Walipokuwa wadogo walimwuliza mbona wenzao wana bibi na babu wa kwa mama, na wao hawajawahi kupanda Daudi, naye akawajibu kwamba mwaka ule nyuki walihama. Akiwa mzima anawajibu hivyo, akiumwa anawajibu hivyo. Hata siku za mwisho.

"Ni kweli walihama, mama mdogo?"

Nilikuwa nimeshika ukingo wa ukuta. Nikamwambia hawakuhama. Nikamwambia niliufungua mzinga mimi, nilikuwa nataka mti wa kibao, na mama yako alijua akanificha, na wangekuwepo nyuki wewe ungezaliwa Daudi nyumbani kwa babu yako. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, mtu wa miaka yangu, kama mwizi aliyekamatwa. Mwanangu alikuwa anaangalia chini. Alikuwa hajui chochote.

Kuku mmoja alikuja kwenye ungo, Yulita akamfukuza kwa mguu, bila haraka.

"Hilo ungemwambia yeye," akasema.

Nikasema ndiyo.

Akaingia ndani. Nilidhani hatatoka. Akatoka na jagi la maji na beseni, taulo begani, akapiga goti mbele yangu animiminie, kama mgeni anavyofanyiwa kila mahali. Nikanyoosha mikono, nikayapokea maji kutoka mkononi mwake, nikanawa.